Kabla ya kumtunuku bingwa, fungueni rejista ya thieta

Chanda chema huvikwa pete. Daktari bingwa wa kiume anayewafunza wanawake upasuaji wa mifupa mpaka wakahitimu na kusimama wenyewe anastahili kushukuriwa mbele za watu, na ashukuriwe angali kazini, si siku ya kustaafu. Ninachotaka kuandika hapa ni namna ya kumtambua mtu huyo, maana tuzo za aina hii huenda kombo kwa urahisi. Anapewa mtu mpole, mcheshi, asiyemfokea mtu thieta, yaani chumba cha upasuaji, ambaye madaktari wote wa kike wanampenda. Halafu ukifungua daftari zao za upasuaji unakuta kwamba kwa miaka yote waliyokaa chini yake kazi yao ilikuwa kushika ritrakta, kile chuma cha kuvutia kando kingo za jeraha. Upole ni jambo jema na wala siupuuzi. Lakini mtu hawi mpasuaji kwa kutendewa upole. Anakuwa mpasuaji kwa kushika kisu mwenyewe, mjuzi akiwa pembeni yake, mara nyingi za kutosha.

Uchache wa wanawake katika upasuaji ndio unaolifanya jambo hili liwe zito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu nchi za COSECSA, chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, ulihesabu wapasuaji 1,690 na kukuta kwamba wanawake ni takriban asilimia 9. Njia yenyewe ni ndefu: miaka 6 ya chuo kikuu, mwaka wa mafunzo ya vitendo, kisha miaka 2 ya kufikia uanachama wa chuo hicho na mingine 3 ya ubingwa. Msichana wa Kisauni au Likoni, hapa Mombasa, anayeitaka kazi hii atafundishwa na wanaume karibu mwanzo hadi mwisho. Akikosa mwanamume wa kumfunza, hana pengine pa kwenda. Chama cha wanawake wapasuaji wa Afrika, WiSA, kilichoanzishwa 2015 chini ya COSECSA, kinasaidia sana kwa ushauri na kwa kuwakutanisha watu, ila chama hakiwezi kusimama ng'ambo ya meza saa nane za usiku mfupa wa paja umevunjika vipande vitatu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote umetoka Nashville, Marekani. Dorothy Lavinia Brown alihitimu udaktari Meharry mwaka 1948, akaenda New York kwa mafunzo ya vitendo, na huko akanyimwa nafasi ya kusomea upasuaji. Akarudi Meharry kumwomba Matthew Walker, mkuu wa upasuaji. Watu wa Walker hawakutaka, yeye akampokea. Brown alimaliza mafunzo yake 1954, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuwa mpasuaji katika majimbo ya Kusini, na kuanzia 1957 akaongoza upasuaji katika hospitali ya Riverside mjini humo kwa zaidi ya miaka 20. Tazama alichokifanya Walker: alimpa nafasi ambayo mwenye uwezo wa kuitoa alikuwa yeye, akaitoa watu wakipinga, na akamfunza mpaka mwisho. Mambo hayo matatu yanahesabika.

Kisu kiko mkononi mwa nani

Kuna kipimo kiitwacho Zwisch ambacho kila idara ingefaa kukibandika ukutani. Kina ngazi 4. Katika ya kwanza bingwa anapasua na kueleza, mwanagenzi anatazama. Katika ya pili mwanagenzi anapasua, lakini bingwa ndiye anayemwongoza hatua kwa hatua na kumwekea kila kitu mahali pake. Katika ya tatu bingwa anasaidia kama msaidizi wa kawaida, anafuata anachoongozwa, na kusema pale tu inapobidi. Ya nne, bingwa yupo chumbani lakini hagusi. Kila baada ya upasuaji, bingwa na mwanagenzi waandike tu namba ya ngazi waliyoifanyia kazi. Baada ya miezi mitatu, namba hizo zitasema mengi kuliko hotuba yoyote.

Chukua upasuaji ambao Pwani tunaufanya kila wiki kwa sababu ya bodaboda: kuweka msumari ndani ya mfupa wa paja. Baadhi ya hospitali za Kenya hutumia msumari wa SIGN, uliobuniwa na daktari Mmarekani Lewis Zirkle ili uwekwe hata pasipo mashine ya eksirei ndani ya thieta. Matundu ya skrubu ya upande wa chini hutafutwa kwa mkono wa kulengea unaofungwa juu ya msumari, na uwazi wa mfupa huchimbwa kwa riima (vyuma vya kuchimbia) za mkono. Kazi hii ina hatua zinazotenganika vizuri: kusoma picha na kupima msumari, kumlaza mgonjwa, kufungua, kutoboa tundu la kuingilia, kulinganisha vipande, kuchimba, kupitisha msumari, kufunga skrubu, kushona. Bingwa anayefunza kwa mpango huanzia nyuma kurudi mbele. Mwanagenzi hushona kwanza, halafu hufunga skrubu, halafu huchimba, na mwisho kabisa hupewa tundu la kuingilia, kwa sababu hapo ndipo kosa dogo linapozaa balaa. Tundu likisogea mbele mno, mfupa unaweza kupasuka msumari unapoingia. Likisogea nje mno, paja litaunga likiwa limepinda.

Penye hatari ni pale ngazi inapokatika. Mwanamke anapewa kushona, anasifiwa kwamba ana mkono mzuri, na mwaka ujao bado anashona. Sifa ya mkono mzuri wa kushona ikirudiwa sana inamfungia mtu kwenye ngozi. Kwa hiyo ukimchunguza bingwa usiulize kama aliwaruhusu wanawake kupasua. Uliza ni nani alitoboa tundu la kuingilia, na alianza lini.

Mazungumzo yanayofanya kazi hii iende ni mafupi mno. Dakika mbili kwenye sinki la kunawia: "Daktari, leo unataka kujifunza nini hasa?" Naye ajibu kitu kimoja, kwa mfano kulinganisha vipande bila kufungua palipovunjika. Ndani ya thieta, mafunzo yaelekee kwenye kitu hicho hicho. Ngozi inaposhonwa, dakika tano: kipi kimekwenda vizuri, kipi kilikwama, mara ijayo ufanye nini tofauti. Hapo hapo wakubaliane pia masharti ya bingwa kuchukua kisu: damu ikizidi, jaribio la tatu likishindikana, au mtaalamu wa usingizi akisema muda umekwisha. Akichukua, aseme sababu kwa sauti, na hatua inayofuata akirudishe. Kunyang'anya kisu kimyakimya kunamwacha mwanagenzi akiamini kwamba ameharibu, ilhali tatizo lilikuwa shinikizo la damu la mgonjwa.

Hili la nguvu

Kizuizi kinachotajwa zaidi katika upasuaji wa mifupa ni kwamba kazi hii inataka misuli. Inataka wenzo na mgonjwa aliyelegezwa sawasawa. Nyonga iliyotenguka ndiyo mfano wa wazi, nayo irudishwe ndani ya saa 6, maana kadiri inavyochelewa ndivyo damu ya kichwa cha mfupa inavyohatarishwa. Njia ya kuvuta kwa mikono ukiwa umesimama juu ya kitanda inawafaa wenye miili mikubwa. Kuna nyingine. Mgonjwa alale chali, nyonga yake ifungwe na mshipi kwenye kitanda au ishikiliwe na msaidizi, goti na nyonga vikunjwe nyuzi 90. Daktari aweke mguu wake mmoja juu ya kitanda, goti lake liingie chini ya goti la mgonjwa, mkono mmoja ushike kifundo cha mguu wa mgonjwa na mwingine ushike chini ya goti. Halafu ainue kisigino chake mwenyewe, asimamie vidole. Paja la mgonjwa hunyanyuliwa na shavu la mguu wa daktari, misuli ambayo mwanamke wa kilo 50 anaitumia kila anapopanda ngazi. Mkono wa kwenye kifundo usikandamize kwa nguvu, goti litaumia. Ikikataa, kwanza ongeza dawa ya kulegeza. Ukiongeza nguvu mahali pa dawa utavunja shingo ya mfupa.

Bingwa anayejua hili hulionyesha wodi ya dharura, kwa wanafunzi wote, wa kike na wa kiume. Anayeita "kijana mmoja mwenye nguvu aje hapa" amekwishawafundisha wote somo baya.

Mazoezi ya mikono nayo hayataki maabara ya fedha nyingi. Nunua kwa muuza nyama mfupa mzima wa paja la ng'ombe ambao haujakatwa kwa supu, uufunge kwenye jiliwa, uweke sponji nene upande wa pili. Kwa skrubu ya milimita 4.5 mfupa utobolewe kwa keke (drili) yenye ncha ya 3.2; kwa ya 3.5, ncha ya 2.5. Pima ncha ilivyozama kwenye sponji baada ya kutoka upande wa pili wa mfupa. Milimita 5 au chini ni mkono uliotulia. Zaidi ya hapo, kwa binadamu ungeweza kufika kwenye mshipa wa damu. Makongoro ya mbuzi yanatosha kwa kushonea ngozi na kano. Vifaa hivi vikiwekwa kwenye kabati lililo wazi saa zote, mwanamke ambaye hawezi kubaki hospitalini mpaka usiku atafanya zoezi lake saa saba mchana. Kabati likiwa na ufunguo mmoja ulio mfukoni mwa mtu mmoja, halisaidii.

Vifaa vinavyomkaa

Urefu wa meza uwe kwenye kiwiko cha anayepasua. Siku mwanagenzi ndiye mpasuaji, meza ni yake, na bingwa mrefu ainame au akae kando. Ikiwa lazima meza ipande, pawe na vibao viwili vya kusimamia, vipana, visivyoteleza, na kanyagio la mashine ya kuchomea liwe juu ya kibao hicho hicho. Likiachwa sakafuni atalitafuta kwa mguu huku macho yametoka kwenye jeraha.

Glavu ni jambo dogo linalokwamisha watu. Stoo huagiza 7.5 na 8 kwa sababu ndizo zilizokuwa zikitumika miaka yote. Mwenye mkono wa namba 6 akivaa 7.5, ncha za vidole hubaki na mkunjo, na mkunjo huo hunaswa na keke inayozunguka. Anayestahili tuzo ni yule aliyeandika fomu ya manunuzi na kudai 6 na 6.5 mpaka zikaja, pamoja na majoho ya saizi ndogo.

Aproni ya risasi, ile yenye madini ya risasi ya kukinga miali ya eksirei, ndiyo inayonikera zaidi kwa jinsi inavyopuuzwa. Aproni isiyo na mikono, hata ikiwa na kinga sawa na milimita 0.5 ya risasi, huacha wazi upande wa nje wa juu wa titi, karibu na kwapa, hasa mpasuaji anapoinua mkono akiwa amesimama ubavu kwa mashine. Ikiwa kubwa kuliko mwili, pengo la kwapani hupanuka zaidi. Dawa yake ni aproni iliyopimwa kwa mvaaji, yenye mabawa ya kwapani au mikono mifupi. Mengine hayana gharama: tyubu ya eksirei iwe chini ya meza, mpasuaji asimame upande wa kipokezi, na kila picha inapopigwa watu warudi nyuma. Ukisogea kutoka mita 1 hadi mita 2, miali inayokufikia hupungua hadi robo. Bingwa akisema "eksirei" na kusubiri sekunde mbili watu wasogee, thieta nzima hujifunza kusogea.

Mimba isiwe siri ya kumwogopesha mtu, wala isiwe sababu ya kumtoa thieta asipotaka. Tume ya kimataifa ya kinga ya mnururisho, yaani miali kama ya eksirei, inapendekeza kwamba mwanamke akishatangaza mimba, kiasi kinachomfikia mtoto kisizidi milisivati 1 kwa kipindi kilichobaki. Kiasi hicho hupimwa: kipimo cha ziada kivaliwe tumboni chini ya aproni, kisomwe kila mwezi, na namba aonyeshwe mwenyewe. Wengi wanaofuata kanuni hukaa chini ya kikomo. Mvuke wa saruji ya mifupa nao upunguzwe kwa kuichanganya ndani ya kifaa chenye mfyonzo. Atakayeamua apunguze upasuaji gani ni yeye mwenye mimba. Bingwa kazi yake ni kuweka namba mezani na kupanga orodha kufuatana na jibu lake. Kumwambia "mama, wewe pumzika tu" na kumpa nafasi yake mwingine ni kumkatia masomo kwa jina la huruma.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inampa miezi 3 ya uzazi kwa mshahara kamili, na Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyesha au kukamua maziwa. Hapa kwetu hesabu ya joto haisameheki. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa chumbani kwa muda usiozidi saa 4 ikiwa joto ni nyuzi 25 au chini, na Mombasa mwezi wa Februari chumba kisicho na kiyoyozi hupita 30. Lazima pawe na friji, ambamo hukaa mpaka siku 4, na iwe friji isiyo ya dawa wala vipimo. Katika orodha ya thieta, nafasi ya dakika 25 kila baada ya saa 3 au 4 iandikwe mapema kama inavyoandikwa nafasi ya kusafisha chumba. Isipoandikwa, ataomba ruhusa mbele ya watu kila siku, na siku ya tatu ataacha kuomba.

Sinki la kunawia

Baadhi ya wanawake wa Pwani wanaoingia upasuaji ni Waislamu, na sioni kwa nini suala la mavazi liachwe kila mtu ajitatulie kwa aibu pembeni. Kunawa kwa upasuaji kunataka mikono iwe wazi hadi viwiko, dakika 2 hadi 5 kwa sabuni ya dawa, bila vito wala saa. Hilo halibadiliki. Kinachoweza kubadilika ni mazingira yake. Mikono huwa wazi tangu kunawa hadi joho safi livaliwe, yaani dakika chache tu. Pazia au ubao wa kukinga kati ya sinki na korido hutosha, na sare ya mikono mirefu inayoviringishwa ivaliwe mpaka hatua ya sinki.

Kichwani, hijabu iliyotoka barabarani isiingie. Ama thieta iwe na kofia za kutupa zinazofunika kichwa, masikio na shingo, ama daktari awe na mitandio ya pamba inayofuliwa kila siku na kuvaliwa ndani ya thieta tu. Ncha zote zichomekwe ndani ya sare kabla ya kuvaa kola ya risasi ya shingoni. Pini zisitumike kabisa, maana pini iliyodondoka ndani ya jeraha ni ajali, na iliyopotea italazimu eksirei kabla ya kufunga. Lastiki au fundo la nyuma linatosha. Kofia hizi ziwe kwenye orodha ya stoo kama barakoa. Siku zinapokwisha, mwenye kuziulizia awe bingwa mwenyewe. Mwanagenzi aliyeambiwa leo haziko ataambiwa hivyo hivyo kesho.

Kuna na hili la kukaa faragha. Mabingwa wengine wa kiume, kwa kuogopa maneno ya watu au kwa kushika dini, hawamfunzi mwanamke ofisini ila humfunza mwanamume, na hivyo mazungumzo muhimu kuhusu mtihani, ajira na utafiti yanafanyika pasipo yeye. Ufumbuzi ni kuwa na kanuni moja kwa wote. Mlango wa ofisi uwe wazi kwa kila anayefunzwa. Mikutano iwe ya watu wawili watatu, iwe mchana, iwe kantini au chumba cha mikutano chenye kioo. Jambo lililozungumzwa kwenye kahawa baada ya Isha, ambako wanawake hawakuwako, lirudiwe kesho kwenye raundi kwa wote. Adabu ya mji inahifadhiwa, na mafunzo hayapunguki.

Jina lake mbele za watu

Mgonjwa akimwona mwanamke amevaa koti jeupe husema, "Sista, daktari atakuja saa ngapi?" Hakuna ubaya katika kuitwa sista, kazi ya sista ni kubwa. Ubaya ni mgonjwa kutia sahihi ridhaa ya upasuaji bila kujua atakayempasua ni nani. Bingwa anayejua kazi yake hunyoosha hapo hapo, kwa heshima: "Bi mkubwa, daktari wako ndiye huyu, Daktari Fulani. Yeye ndiye atakayekupasua kesho, nami nitakuwa pamoja naye. Swali lolote muulize yeye." Kisha anarudi nyuma hatua moja na kunyamaza. Kule kunyamaza ndiko kugumu, kwa maana mgonjwa ataendelea kumtazama mwanamume.

Kwenye makongamano pia. Utafiti wa Mayo Clinic wa 2017 ulitazama jinsi wasemaji wanavyotambulishwa: wanaume walipowatambulisha wanaume wenzao walitaja cheo cha udaktari kwa takriban asilimia 72, walipowatambulisha wanawake ikawa takriban 49. Ni wanawake wenye shahada ile ile. Dawa yake ni kuandika utambulisho kwenye karatasi, wa urefu uleule kwa kila mtu.

Barua ya mapendekezo iende vivyo hivyo. Barua inayosema ni mchapakazi, mwenye heshima na anapatana na wote haimpi mtu kazi. Iseme amefanya misumari mingapi ya paja kama mpasuaji, katika ngazi ipi ya Zwisch, jeraha ngapi zilipata usaha, amewafunza wangapi, na kama mwandishi angemkabidhi ndugu yake ampasue. Habari za ndoa na watoto zisiingie humo kabisa.

Na anapotupiwa neno chafu au kuguswa, asiachwe ajibu peke yake. Kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira kinamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi awe na sera iliyoandikwa kuhusu unyanyasaji wa kingono. Mwanamume aliyekuwapo aseme palepale, "Hilo halisemwi hapa, tuendelee na mgonjwa," aandike tarehe na maneno yaliyosemwa, kisha amuulize mwenyewe anataka shauri lifike wapi. Kulipeleka mbele bila idhini yake ni kumwongezea mzigo.

Kutoa tuzo yenyewe

Kamati iwe na watu watano: wanagenzi wawili wa kike waliokwisha kuhitimu na kuhamia kwingine, msimamizi wa wauguzi wa thieta, bingwa wa idara nyingine, na mtu wa rasilimali watu. Aliyehitimu hana cha kuogopa. Anayesubiri mtihani chini ya mtu hawezi kusema ukweli juu yake, na idara yenye wanawake watatu tu haina fomu ya siri, kila mtu anajua nani kaandika nini. Maoni ya walioko masomoni yasubiri mpaka matokeo yatoke.

Ushahidi wa kwanza ni rejista ya thieta, ile inayoandikwa mpasuaji, msaidizi, saa ya kuanza na kumaliza. Ilinganishwe na daftari za wanagenzi kwa miezi 12. Chukueni aina tatu za upasuaji wa kawaida, mhesabu kila mmoja wa kike na wa kiume alikuwa mpasuaji mara ngapi chini ya bingwa huyo. Mfano: mwanamume akiwa mpasuaji mara 30 kati ya 50, na mwanamke wa mwaka uleule mara 9 kati ya 50, hapo hapana tuzo, hata bingwa awe mtu mwema kiasi gani. Muuguzi wa thieta asikizwe kwa makini, kwa sababu rejista inaweza kuandikwa jina la mwanagenzi huku kisu alikishika mwingine, naye ndiye aliyekuwa akikitoa kisu hicho.

Ushahidi wa pili ni walikofika waliofunzwa: waliomaliza, waliofaulu, walioajiriwa, walioacha na sababu zao. Walioacha watafutwe kwa simu. Ushahidi wa tatu ni karatasi: fomu za manunuzi, ratiba, barua alizoandika. Kisha rasilimali watu wathibitishe kwamba hakuna lalamiko lililo wazi dhidi yake. Likiwapo, tuzo isubiri. Na kama mwaka huu hakuna aliyetimiza, isitolewe. Ikitolewa kwa mazoea, wanagenzi watajua bei yake kabla ya mwaka kwisha.

Maneno ya kumsifu yasimwite baba yetu. Najua hapa Pwani hiyo ni heshima kubwa na hutoka moyoni. Ila ukimfanya bingwa kuwa baba, mwanagenzi anakuwa binti, na binti hambishii babake mbele ya mgonjwa, hata anapoona skrubu imeingia kwenye kiungo. Mwiteni mwalimu. Badala ya "mlezi wetu mpendwa, mwenye moyo wa dhahabu", andikeni hivi: "Chini yake wanawake wanne wamehitimu. Kila mmoja alitoboa tundu la kuingilia kabla ya kumaliza mwaka wa pili. Glavu za namba 6 zipo thieta kwa sababu aliandika barua tatu." Sentensi za aina hiyo zinamshukuru yeye na kumweleza bingwa mwingine aliyekaa ukumbini afanye nini Jumatatu.

Asome aliyefunzwa naye, dakika nne, akitajwa kwa cheo chake kamili. Zawadi isiwe ngao ya ukutani pekee. Fedha za chakula cha jioni zikipunguzwa kidogo, zinaweza kununua aproni mbili zenye mabawa, za saizi ndogo, zikae thieta. Au zimlipie mwanagenzi wa kike anayefuata ada ya mtihani. Mapendekezo yafunguliwe Januari, rejista ikiwa imefungwa ya mwaka uliopita, na kamati ipewe wiki sita, kwa kuwa kuhesabu kurasa za rejista kwa mkono ni kazi ya jioni nyingi.